Jina la Tano

Jumapili ile Panikpa alinipokea kwa tabasamu, na mimi mjinga nikafurahi.

Karibu mwaka mzima mama yule alikuwa akiniona naingia kwake, anageuzia uso dirishani kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. Kwetu, huku kwenye barafu ya kaskazini, mgeni habishi hodi. Anaingia tu, anavua buti, anakaa, na mwenye nyumba akimpenda anamsukumia kikombe cha chai bila kumuuliza. Mimi kikombe changu sikuwahi kukiona. Nilikuwa nakaa palepale mlangoni, katikati ya buti za watu, nikimsubiri mwanawe Sakiasi avae koti tutoke. Akitaka kunitaja, hata nikiwa mbele yake, Panikpa alikuwa akisema “yule wa mashine”.

Mashine yenyewe ni kinasa sauti cha kazi. Nilitoka kijiji chetu cha ng'ambo nikaletwa huku kutengeneza kitabu cha sarufi. Si ile sarufi ya kukariri darasani. Sisi tulitaka kuandika jinsi wazee wanavyozungumza hasa: wanaanzaje hadithi, wanamkatizaje mtu bila kumuudhi, nani anamwita nani kwa neno gani. Mimi nilirekodi, Sakiasi aliandika. Hedifoni ilikuwa moja, kwa hiyo tuligawana, upande mmoja sikio lake na mwingine langu, vichwa vimegusana, tukisikiliza mabibi wakigombana kuhusu samaki. Hivyo ndivyo nilivyompenda. Alikuwa akicheka kimyakimya mpaka mabega yanatikisika, na mkono wake ukiacha kuandika unatafuta wangu.

Lugha yetu inabeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Mtu mwoga ana nafasi ya kuchomeka “labda” katikati ya neno hilo, kwa kipande kidogo tu cha sauti. Sakiasi alikuwa bingwa wa kuchomeka.

“Nita-labda-kuoa,” aliniambia siku ya kwanza, masikio yamemwiva.

“Itoe hiyo labda.”

“Ni ya adabu tu. Mtu hasemi mambo ya kesho kama ameshayaona.”

“Adabu hiyo kaipe hali ya hewa, Sakiasi. Mimi si hali ya hewa.”

Akacheka. Hakuitoa. Nami nilikuwa nimeshalewa naye, nikaona labda moja haiui mtu. Tulikata tiketi za ndege ya Jumanne, twende kwa mchungaji wa kwetu atufungishe ndoa, na Ijumaa Sakiasi akawaambia wazazi wake. Nilipomuuliza mama yake amesema nini, alijibu, “Amesema uje kula Jumapili.” Mwenzangu alikuwa anang'aa uso mzima. Nilimkumbatia mpaka akalalamika mbavu.

Basi nikaenda. Nilivaa gauni la maua na vile viatu vya ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari ya baridi, alivyonishonea marehemu bibi. Maboksi yalikuwa yamekunjuliwa na kutandazwa sakafuni, juu yake samaki aliyegandishwa, mbavu za sili, na ngozi ya nyangumi ambayo watu huifuata hata kama wamegombana na mwenye nyumba. Mzee Iqalu, baba yake Sakiasi, alikuwa amepiga magoti na kisu chake. Siqua, mdogo wake Panikpa, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha kijiji, alikuwa ameshaanza kula. Na kwenye kochi alikaa Miali, akishona. Panikpa alikuwa amemchagulia mwanawe Miali tangu wako shule. Hakuwa na kosa lolote msichana yule, na ndiyo sababu nilimchukia.

Nikaanza kukaa mlangoni, mahali pangu.

“Huko unakaa na nani?” akasema Panikpa. “Njoo hapa. Karibu yangu.”

Sakiasi alinitupia jicho la furaha. Nikapita katikati ya watu nikakaa. Panikpa akachukua kisu chake cha nusu duara, kile ambacho kila mwanamke wa kwetu anacho, akakata ngozi ya nyangumi kipande cha kwanza, akakiweka mbele yangu.

Siqua aliacha kutafuna. “Dada, umekosea mtu. Kipande cha kwanza si cha mgeni.”

“Najua ni cha nani.”

“Kwani huyu…”

“Ulayu,” akasema Panikpa, na ilikuwa mara ya kwanza jina langu kutoka kinywani mwake. “Waambie majina yako. Yote, kama ulivyonitajia mimi.”

Ni kweli nilishamtajia. Wakati barafu ya baharini ilipoanza kupasuka nilikwenda kumrekodi, na hakuna mzee wa huku atakayefungua mdomo kabla hajajua umebeba majina ya akina nani. Ni desturi ya kazi na ya adabu. Nikamtajia matano. La tano nilipewa na mkunga, jina dogo ambalo hakuna aliyewahi kuniita, na mtu mwenye akili angeweza kuliacha. Lakini nilikuwa nampenda mwanawe, nikataka mama yake anione mkweli. Nilipolitaja akaniambia nizime mashine, amechoka, akanipa kisogo. Kesho yake aliniita tena mwenyewe. Akakaa macho makavu, akanifundisha asubuhi nzima sheria zote za majina ya marehemu, tena taratibu, na pale nilipokosea akanirudisha.

“Ulayu,” nikaanza. “Qillaq. Natsiapik. Sulu.” Nikamtazama Panikpa. “Aqatu.”

Siqua aliziba mdomo kwa mkono. Mzee Iqalu aliweka kisu chini.

“Aqatu ni nani?” akauliza Sakiasi.

“Dada yako,” akasema mama yake.

“Dada yangu alikuwa Elisapi.”

“Elisapi ni la kanisani. Humu ndani alikuwa Aqatu. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu siku tulipomzika, na jina nikalizuia lisitajwe mpaka litakapopata mtu. Binamu yangu mkunga alisikia msiba redioni. Huko kwao akazaliwa mtoto.” Akanigeukia. “Miaka yote nilidhani limepotea. Kumbe mwanangu alikuwa anaingia na kutoka humu, anavua viatu pale mlangoni.”

Akanivuta kifuani mwake, akanikumbatia kwa mikono miwili.

Nataka kusema ukweli wa jambo hili hata kama unaniaibisha. Mama yangu alipandishwa ndege kwenda hospitali ya kusini nikiwa sijajua kufunga kamba za viatu, na hakurudi. Bibi alinilea vizuri, lakini mikono ya bibi ilikuwa midogo. Panikpa alinuka chai na mafuta ya sili, na kifua chake kilikuwa kipana, na nilipoegemea pale niliishiwa nguvu zote. Ningekubali kuitwa chochote. Nilifumba macho.

Ndipo aliponinong'oneza sikioni, kwa sauti ambayo mwingine hakuweza kuisikia, “Ungeondoka na mashine yako peke yako, bila Sakiasi, ningekufa na jina hili moyoni.”

Nikafumbua macho. Juu ya bega lake niliuona uso wa Sakiasi, mweupe kama unga.

Kwetu anayebeba jina ni yule yule. Nina mjomba anayemwita mtoto wa chekechea “mke wangu”, kwa sababu mtoto amebeba jina la marehemu mkewe, na mtoto anamgombeza kwa kuvuta sigara, na sote tunacheka. Lakini utani una mpaka wake. Mwanamume hamwoi dada yake, na kama amemwita dada mbele ya watu, basi hata wangelala chini wakalia, neno limeshika.

Nikajinasua mikononi mwake.

“Mama Sakiasi,” nikasema, “uliujua ukweli huu tangu barafu ilipopasuka.”

“Niliujua.”

“Nilipougua homa majira ya mbu, ulijua?”

“Nilijua.”

“Nililala siku ngapi pale nyumba ya kazi bila mtu wa kunichemshia maji? Mwanao amerudi, halafu unamwacha afe kwa kiu nyumba ya tatu kutoka kwako?”

“Loh,” akasema Siqua taratibu.

“Nilikuwa naogopa,” Panikpa akajibu, na machozi yalikuwa yanamtiririka kweli. “Mtu akirudishiwa alichokizika, unadhani anakimbilia kukishika?”

“Na leo hofu imekwisha. Kwa sababu Jumanne kuna ndege.”

“Leo imekwisha,” akasema. Hakupepesa.

Mzee Iqalu alikohoa. Yule mzee alikuwa anaweza kumaliza majira ya baridi bila sentensi tatu, kwa hiyo sote tulimgeukia.

“Msichana ana majina matano,” akasema, akimtazama samaki. “Watu wamewahi kushika jina jingine, lile lenye kikwazo wakaliacha. Wale wawili wa upande wa pili wa ghuba walifanya hivyo, na wana watoto. Anayepaswa kumwita dada ndiye mwenye neno. Asipoita, halishiki.”

Nilitamani kumbusu mzee wa watu. Nikamwangalia Sakiasi. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuliko kazi zote duniani: kunyamaza tu. Kwetu mtu akinyamaza hakuna anayemlazimisha, kimya ni jibu halali, tulikuwa tumeandika sura nzima kuhusu jambo hilo mimi na yeye, hedifoni masikioni.

Panikpa alifuta uso kwa kiganja, akamimina chai. Akatia sukari, akakoroga, akampa Sakiasi kikombe.

“Mpe dada yako chai.”

Sakiasi alisimama na kikombe. Mvuke wa chai ulimpanda usoni. Miali aliinamia sindano yake akijifanya haoni, lakini mkono haukuwa unashona.

“Mama,” akasema Sakiasi, “labda tungesubiri…”

“Mpe chai.”

“Labda mchungaji…”

“Mchungaji hakumzaa Aqatu. Mimi nilimzaa, na nilimvua nguo kwa mikono yangu akiwa ameshapoa.” Akajipiga mapajani. “Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Lakini kwanza niangalie usoni, uniambie hapa mbele ya baba yako kwamba Aqatu hajarudi. Niambie nikamzike mara ya pili. Nitakwenda. Nitavaa koti nitoke sasa hivi.”

“Sakiasi,” nikasema. “Nitazame mimi.”

Hakunitazama. Alikuwa anatazama kikombe, kama mtoto aliyevunja kitu. Nilimjua vizuri mwanamume yule. Nilijua jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo la maana, kwa sababu nilishaisikia mara nyingi kwenye mkanda. Alivuta pumzi ile.

Akaja mpaka nilipokaa. Akainama.

“Dada,” akasema. “Chai hii.”

Lilitoka safi. Halikuwa na labda hata moja.

Siqua akaangua kilio, kilio cha furaha, akaja akaniangukia shingoni, akinipapasa uso na kuniita mtoto wa dada yake, mtoto aliyekuwa anapenda kunyonya mifupa ya samaki. Nikapokea kikombe. Nikanywa. Sukari ilikuwa nyingi mno, ya kumpa mtoto. Sakiasi alirudi ukutani akakaa, mikono kati ya magoti, na kila nilipomtazama alitazama sakafu. Mpaka leo sijui ni kipi kilichoniuma zaidi, neno lenyewe au alivyoona nafuu baada ya kulitamka. Nilimwona mabega yakishuka. Alipumua.

Panikpa aliingia chumbani, akatoka na mfuko wa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na buti za ngozi ya sili, ndogo, zimekauka, zingeenea kwenye kiganja. Akaniwekea mapajani.

“Nilizishona mwenyewe,” akasema. “Hakuwahi kuzichakaza.”

Hilo ndilo lililonikata maini. Hakuwa anaigiza. Alikuwa amenichinja kwa makusudi, kwa jambo alilolipanga tangu barafu ilipopasuka, na papo hapo alikuwa mama aliyempata mwanawe, na yote mawili yalikuwa kweli. Kama angekuwa mwongo tu ningemtemea mate nikaenda zangu.

Nikaingiza vidole ndani ya buti moja. Viliingia vitatu tu. Hasira yangu ikapoa, ikawa ngumu.

“Mama,” nikasema.

Panikpa aliniinamia kama mtu mwenye kiu.

“Ee, mwanangu.”

“Ulinifundisha kwenye mashine kwamba mwenye jina la marehemu hanyimwi kitu. Ukimnyima yeye, umemnyima marehemu, na marehemu anaondoka tena. Nimekosea?”

“Hujakosea, mwanangu. Hanyimwi.”

“Basi nina ombi.”

“Omba! Omba, Aqatu wangu.”

“Muombe mzee pikipiki yake ya theluji!” akapaza Siqua, pua bado imelowa. “Ile mpya! Tuone kama hatakufa kwa uchungu!” Watu wakacheka, hata Mzee Iqalu. Nilisubiri kicheko kiishe.

“Huyu mdogo wangu asioe,” nikasema.

Hakuna aliyeelewa mara moja.

“Sakiasi asiletewe mke humu ndani. Asiletewe Miali wala mwingine yeyote, siku zote nitakazokuwa hai. Sitaki wifi. Sitaki watoto wake. Ndilo ombi langu, na sitaomba lingine.”

Sindano ya Miali ilianguka sakafuni. Sakiasi aliinua kichwa, na sasa alinitazama, sasa ambapo haikuwa na faida.

Panikpa alikunja pua. Kwetu hiyo ni hapana, haihitaji sauti.

“Unanikunjia pua?” nikamuuliza. “Mimi? Miaka yote hiyo Aqatu yuko kaburini hajakuomba hata maji. Leo amerudi kaomba kitu kimoja, unamkunjia pua?”

“Wewe msichana…”

“Mimi nani? Sema. Wote wanasikia. Mimi ni binti yako, au ni yule wa mashine?”

Nilimwona akitafuta njia ndani ya sheria zake mwenyewe, mlango hadi mlango, na yote alikuwa ameifunga yeye, asubuhi ile, taratibu, akinirudisha pale nilipokosea. Alikuwa na mtoto mmoja tu hai wa kiume. Kule chumbani, nilijua kwa sababu Sakiasi alinionyesha, kulikuwa na sanduku la nguo za wajukuu alizoanza kuzishona kabla hata hajajua watazaliwa na nani.

“Dada, usimnyime,” Siqua akasema. Hakuwa anacheka tena, alikuwa na hofu ya kweli. “Jamani, Panikpa, usimnyime. Ataondoka tena.”

“Nyamaza, Siqua.”

“Iqalu! Mwambie mkeo!”

Mzee Iqalu alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akamtazama mwanawe pale ukutani, kwa huruma au kwa dharau, sikuweza kutofautisha. Akapandisha nyusi. Kwetu hiyo ni ndiyo, na ikitoka kwa mwenye nyumba imekwisha.

Panikpa alikaa chini juu ya maboksi, miguu imenyooka mbele, kama mwanamke aliyepigwa na habari. Miali alikusanya nyuzi zake moja moja, akavaa koti, akatoka bila kuaga. Hakuwa na kosa lolote, nilishasema. Nilisikia hatua zake zikikimbia kwenye changarawe.

Nilikula kile kipande changu cha kwanza mpaka kikaisha. Nilikitafuna polepole, kila mtu akitazama. Kisha nikavaa koti langu, nikaziweka zile buti mfukoni mwake, nikamkumbatia mama yangu mpya, ambaye hakuinua mikono, nikavaa viatu vyangu.

Nje kulikuwa na mwanga bado. Ghuba ilikuwa imeanza kuganda pembeni, barafu nyembamba ya kijivu isiyobeba hata mbwa. Nilikuwa nimefika kwenye matangi ya mafuta niliposikia Sakiasi ananikimbilia. Hakuvaa koti. Alikuwa na shati tu na buti za baba yake.

“Ulayu! Ulayu, simama.”

Nikasimama.

“Nitakuoa,” akasema. Alikuwa anahema, na machozi yalikuwa yanamgandia kwenye kope. “Jumanne, vilevile kama tulivyopanga. Tukifika kwenu nani atajua? Nitakuoa, Ulayu. Nitakuoa.”

Nililisikiliza lile neno kwa masikio yangu ya kazi, kipande baada ya kipande, kuanzia mwanzo wake hadi mwisho, nikiitafuta ile labda. Haikuwepo. Mwaka mzima nilikuwa nimengoja kulisikia hivyo, na lilikuwa zuri kuliko nilivyofikiri. Mikono yangu ilitaka kwenda kwake yenyewe. Niliitia mfukoni, na humo nikazikuta zile buti.

“Mbona hukulisema kule ndani?”

“Nilishindwa. Uliona mwenyewe. Mama yangu…”

“Mama yetu,” nikamsahihisha.

Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. Upepo ulikuwa unaingia ndani ya shati lake, na bado nilimpenda, nilimpenda mpaka meno yaliniuma, na ningetoa chochote ili nikose kumpenda.

“Rudi ndani, mdogo wangu,” nikasema. “Utashikwa na baridi.”

Akarudi.